Mikogo ya Njia ya Unyanyembe

Kiswahili hakina uchoyo wa maneno ya kumsema mtu anayejionyesha. Anajigamba, anajitapa, anajinaki, anajishaua, anajidai, anajikweza. Yote haya yamebeba -ji-, kiambishi kinachomrudishia mtu tendo lake mwenyewe. Mwenye kujigamba anaweza kujigamba peke yake chumbani mbele ya kioo, na sarufi isimdai kitu. Ila lipo kundi la pili, dogo, lenye ukali wake: kukoga, kumtambia mtu, kumringia, na lile wanalolipenda vijana, kumringishia. Haya hayaridhiki na mtu mmoja. Ukisema "anatukoga", yule anayekoga yumo na sisi tunaotazama tumo, na bila sisi neno halina pa kusimama.

Kutoka kukoga likaja mkogo, na wingi wake mikogo. Wingi ndio uliozoeleka, nadhani kwa sababu hakuna aliyekoga mara moja akaacha. (Kukoga huku kusichanganywe na kukoga kwa maji, ambako ndiko kuoga kwa watu wa Mombasa na Lamu.) Vijana wa sasa wangesema jamaa ana swaga. Neno hilo limetoka kwa Waingereza, ambao walikuwa nalo tangu enzi za Shakespeare, na mzizi wake unadhaniwa kuwa ni kuyumbayumba, yaani mwendo wa mtu anayetaka aonekane akipita. Hata kuringa kwetu kuna mwili ndani yake. Anayeringa hujulikana kwa shingo na mabega kabla hajafungua kinywa.

Tumezoea kulitafutia neno mikogo makazi yake harusini, ukumbini, kwenye taarabu, mahali ambapo khanga moja inaweza kumkoga jirani bila mwenyewe kutamka lolote. Mimi naona lingefahamika vizuri zaidi tukilipeleka njiani: ile njia kuu ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako leo ni Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kwenye njia ile mikogo ilikuwa kazi. Ilikuwa na ujira wake, na ilikuwa na faini.

Aliyeajiriwa kuifanya aliitwa kirangozi, kiongozi wa mbele. Mwingereza Richard Burton, aliyeifuata njia hiyo mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, amemweleza kwa kirefu. Inabidi kumsoma Burton kwa tahadhari, maana dharau yake ni nyingi kuliko chumvi katika pilau mbaya, lakini jicho lake lilikuwa kali. Mbele kabisa ilikwenda bendera nyekundu tupu, alama ya msafara wa Zanzibar, imechanwachanwa na miiba. Nyuma ya bendera ngoma iliyobanwa kiunoni. Kirangozi mwenyewe alivaa joho jekundu: kipande chembamba cha kitambaa cha sufu, kirefu kama futi sita, kimetobolewa katikati pa kupitisha kichwa, na tepe zikining'inia mbele na nyuma. Kichwani na mabegani, ngozi ya mbega au ya paka-mwitu. Juu ya ngozi, shada refu la manyoya ya bundi, ndege ambaye wengi wetu tusingependa hata atue juu ya paa, au la korongo mwenye taji. Mkononi usinga. Kiunoni vibuyu vidogo vyenye mafuta, vya ugoro na dawa za njiani. Alikuwa pia na kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda, katikati kimezungushiwa shanga za rangi nyingi. Wafaransa wana neno lao panache, ambalo kwanza lilikuwa shada la manyoya juu ya kofia ya chuma ya askari, halafu likageuka kuwa jina la madaha yenyewe. Kirangozi angelielewa bila mkalimani.

Hapa mtu atauliza: kwa nini mtu anayetembea porini wiki hadi wiki, akipita kwenye miiba na matope, avae hivyo? Nani anamtazama?

Wanaomtazama wa kwanza wako nyuma yake. Njia ya msafara ilikuwa uchochoro wa kupita mtu mmoja mmoja, na msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu katika mstari mmoja. Palipokuwa na njia panda, kirangozi aliiziba ile isiyofuatwa kwa matawi au kwa mstari alioupiga chini kwa mguu. Mtu wa namna hiyo anafaa aonekane, na wekundu wa joho katika miombo mikavu ya Unyamwezi huonekana kutoka mbali. Ila kuonekana peke yake hakutoshi. Kirangozi hakuwa mkubwa kwa wapagazi wenzake kwa nasaba wala kwa upanga. Utii wao aliununua: kabla ya safari aliwatolea kondoo au mbuzi, na gharama hiyo alitarajia kuirudisha njiani, kwa ada, kwa posho iliyozidi ya wengine, na kwa haki ya kupewa kichwa cha kila mnyama aliyechinjwa kambini. Mpagazi aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Ili asije akakana, mshale mmoja ulichomolewa katika podo lake papo hapo, ukawekwa kuwa ushahidi mpaka mwisho wa mwendo wa siku hiyo.

Mshale huo unanifundisha jambo zaidi ya manyoya. Mikogo ya kirangozi ilikuwa na mipaka inayolindwa kisheria. Haikuwa tabia ya mtu mmoja mwenye kujipenda. Ilikuwa cheo kilichovaliwa nje ya mwili, na kumpita aliyekivaa ilikuwa kosa lenye kielelezo. Ukimvua joho na ngozi ya mbega, humpunguzii majivuno tu. Unaondoa kitu kinachowafanya watu waliochoka, kila mmoja na mzigo wake, wakubali kusimama anaposimama yeye.

Na wapagazi nao hawakuwa watu wa kutazama tu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi walioikodisha nguvu yao wenyewe, na mzigo wa nguo ulikuwa wa ratili 60 hadi 70, achilia mbali mkeka, chungu na silaha ambavyo kila mtu alijibebea. Kwa Wanyamwezi, kwenda pwani ilikuwa njia ya kuthibitisha uanaume. Wavulana wadogo waliandamana na misafara wakiwa wamebeba vipembe vidogo vidogo, wapate kuzoea. Watu hao, chini ya mizigo hiyo, walijifunga kichwani singa za punda milia zikasimama kama miali ya jua. Wengine walisimamisha mkia wa ng'ombe uliokaushwa juu ya paji la uso. Palikuwa na mashada ya manyoya ya mbuni, vitambaa vyeupe, vya buluu na vyekundu, bangili za pembe za ndovu, vikuku vya shaba mikononi, na wenye hali nzuri zaidi walifunga njuga chini ya goti au kwenye kifundo cha mguu. Tuwaze njuga hizo. Zina uzito, na njia ya kwenda Tabora ni mamia ya maili. Mtu aliyepiga hesabu ya nguvu peke yake angezitupa siku ya pili.

Hakuzitupa kwa sababu njia ile haikuwa pori tupu. Ilikuwa na vijiji, visima, masoko ya chakula, watawala wanaodai hongo, yaani ushuru wa kupita, na misafara mingine inayokuja kutoka upande wa pili. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi ya uchukuzi katika karne ya 19, amewatetea wapagazi hawa kama wafanyakazi wenye fani, waliokuwa na desturi za kazi na heshima yake, si kundi la watu waliosukumwa tu. Nikikubaliana naye, na nakubaliana, basi njuga na singa ni sehemu ya fani hiyo. Mpagazi anayeliza njuga anawaambia wa kijijini kwamba mzigo haujamshinda.

Kilele cha mikogo yote kilikuwa kuingia mjini. Msafara wa Burton na mwenzake Speke uliingia Kazeh, kitovu cha Waarabu wa Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Kwa desturi ya njia, kila aliyekuwa na nguo njema aliifungua mzigoni akaivaa. Bendera ikakunjuliwa, mabaragumu yakalia, bunduki zikafyatuliwa hewani, na waliokuwa mjini wakatoka kutazama. Miongoni mwa wakubwa wa mji enzi hizo alikuwamo mfanyabiashara wa Kihindi aliyejulikana njia nzima kwa jina la Musa Mzuri, jina ambalo lenyewe linaonyesha kwamba watu wa Unyamwezi hawakuona haya kumpima tajiri kwa sura. Hata Henry Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, kabla ya kuingia Ujiji alitoa suti mpya ya flaneli, viatu vikapakwa mafuta, kofia yake ikapakwa chokaa na kuzungushiwa kilemba kipya, halafu akaamuru bunduki zifyatuliwe. Alikuwa ameshaishi Tabora miezi kadhaa. Adabu ya njia aliijua.

Baruti ilikuwa mali. Ilinunuliwa pwani, ikabebwa mabegani kama mali nyingine, na bara iliuzika. Kuichoma hewani ni kuwatangazia watu kwamba umebakiwa na ya kuchoma. Biashara yote ile ilitembea kwa mkopo: wenye fedha wa Zanzibar, kama Taria Topan, waliwakopesha wasafiri bidhaa, na wasafiri wakategemea pembe za ndovu kulipa. Msafara ulioingia Tabora kimya, watu wake wamevaa viraka, ulikuwa umeshajieleza kwamba umeporwa, au umeugua, au umetozwa hongo mpaka umekauka, na jioni hiyo hiyo bei na masharti kwa mwenye msafara yangebadilika. Ndiyo maana nasema mikogo ya kuingia mjini ilisomwa kama hesabu. Waliokaa barazani wakitazama walikuwa wakikadiria. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sehemu ya maisha yake ilifungamana na Tabora, anaeleza katika Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili, kwamba jina la Tippu Tip alilipata kutokana na mlio wa bunduki zake. Mlio ulitangulia, mwenyewe akafuata.

Watazamaji walikuwa na nguvu kubwa kuliko tunavyodhani, na hapa ndipo ninapopenda kumtuma mtu yeyote anayeamini kwamba watu wa bara walidanganywa kwa vijishanga. Stanley, alipokuwa Zanzibar akijitayarisha, ilimbidi ajifunze kwanza nani anapenda nini. Shanga nyekundu, samesame, Unyamwezi zilipokelewa na nyingine zote zikakataliwa. Nyeusi Ugogo zilikuwa fedha, kwingine kote hazikuwa kitu. Zile kubwa za sungomaji zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, sehemu nyingine hakuna aliyezitaka. Nyeupe zilifaa Ufipa na sehemu za Usagara, lakini Ukonongo zilidharauliwa. Akafunga magunia 22 ya shanga za aina mbalimbali, huku akihofia kwamba akikosea hesabu atabaki na mzigo usionunua hata kuku. Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa nguo: merikani, kaniki, barsati, sahari, joho, kila moja na mahali pake. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha, katika utafiti wake aliouchapisha mwaka 2008, jinsi mapendezi ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyoamua ni nini kitengenezwe ng'ambo, hata viwandani Massachusetts. Wasichana wa Unyanyembe waliokataa shanga ya rangi isiyo ya msimu walikuwa wakitoa amri iliyofika mbali sana.

Sasa tuwatazame waliotumia mikogo kama silaha. Rugaruga, vijana wapiganaji wa Mirambo, mtawala wa Urambo, walijulikana kwa nguo nyekundu, manyoya kichwani na mapambo yaliyokusudiwa kuogofya. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia na kupigana na Waarabu wa Tabora, habari za rugaruga zilikimbia kuliko rugaruga wenyewe. Mtu mwenye shada la manyoya akitokea ukingoni mwa msitu, wapagazi walishajua maana yake kabla hajapiga risasi. Lakini Stanley alipokutana na Mirambo mwenyewe, Aprili 1876, alishangaa. Alimkuta mtu mpole wa sauti ya chini, amevaa kilemba, koti la joho kama muungwana wa Kiarabu, nguo za ndani nyeupe pe, makubadhi miguuni na upanga uliopinda. Wale vijana walivaa kwa ajili ya macho ya adui. Mtawala wao alivaa kwa ajili ya macho ya mgeni wa pwani. Huyu naye alikuwa anakoga, ila kwa lugha ambayo mtazamaji wake angeiita heshima.

Hapo ndipo pana kiini cha jambo, na sioni haja ya kukizungukazunguka. Neno mikogo halitenganishi vazi na vazi. Linatenganisha watu. Tajiri wa Kazeh akitoka na joho, kilemba na jambia, alisemwa ana haiba, ana fahari. Mpagazi akitoka na njuga na singa za punda milia alisemwa ana mikogo, au mbaya zaidi, ana ushenzi. Fahari ni neno la Kiarabu, na sikio letu limelisogeza karibu sana na fahali, ng'ombe dume, ambalo pia ni la Kiarabu lakini la mzizi mwingine kabisa. Ukaribu huo umetufaa: mwenye fahari tunamwona kama dume la zizi, mwenye haki ya kuinua shingo. Ustaarabu nao, kama kila mwanafunzi wa Kiswahili ajuavyo, umebeba Uarabu tumboni. Maneno ya sifa yalipanda njia kutoka pwani pamoja na marobota ya nguo, na maneno ya kejeli yakapanda nayo, yakimsubiri mshamba aliyevaa vizuri. Tunaye pia mlimbwende, ambaye siku hizi ni jina la mashindano ya urembo, lakini ambaye zamani alitajwa kwa mdomo uliopinda kidogo.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliijua hukumu hiyo vizuri. Alipofika Bagamoyo, akapokea ujira wake, alinunua kanzu. Aliporudi kwao Unyanyembe amevaa kanzu ile ile, watu wa kwao walimwona ametoka pwani, na watu wa pwani waliokaa Tabora wakamwona anajifanya mwungwana. Kanzu ni moja, macho mawili. Kitenzi kukoga kinafaa hapa kuliko kujigamba, kwa sababu kinatulazimisha kuuliza anamkoga nani.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa halina haja ya kirangozi. Mizigo ikapanda treni, na ile kazi ya manyoya na joho jekundu ikafa bila hata kuagwa. Mikogo yenyewe ilihamia kwenye ngoma. Beni, ngoma ya matarumbeta na sare iliyozaliwa miji ya pwani, ilienea bara pamoja na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa na vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, kila kimoja na vyeo vya kubuni na nguo za kuwakoga wapinzani. Watawala wa kikoloni walikuna vichwa wasijue kama ile ni dhihaka au utii. Baadaye bendi za dansi zikaja na desturi ya kila bendi kuwa na mtindo wake wenye jina, na Tabora Jazz wakajitambulisha kwa Segere Matata. Joho nalo lilipata ajira mpya: leo ni vazi la mahafali, na mhitimu anayelikodi kwa siku moja apigwe picha na wazazi hasemwi na mtu. Amepewa haki ya kutazamwa, tena na cheti juu.

Nguo zikaendelea na safari yake katika maneno. Kuvaa vizuri, mtaani, ni kupiga pamba. Pamba lenyewe ni neno lenye asili ya Kiajemi, lakini nani atalitenga na kupamba na mapambo, linavyosikika? Pamba iliyoivalisha njia ya Unyanyembe kwa miaka mingi ilikuwa merikani, kitambaa kigumu kisichopakwa rangi, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem waliokuwa wakifika Zanzibar, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata biashara hiyo na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Marekani ililetwa Unyamwezini ikiwa imekunjwa kwenye marobota. Kwa lugha ya vijiwe vya Dar es Salaam mambo yamegeuzwa: Marekani sasa ndiyo inayoitwa Unyamwezini, na aliyekwenda huko akarudi na viatu na lafudhi, ni mnyamwezi. Kijana wa Gongoni, Tabora, ambaye mababu zake walibeba ratili 70 mpaka baharini, akitaka mtaani aitwe hivyo kwa sifa, kabila lake peke yake halitamsaidia. Itabidi kwanza aonekane kama katoka Chicago.